Kiti cha mdhamini: kisa cha mzazi aliyempokonya mwamuzi filimbi

Kisa hiki kilitokea katika ligi ya watoto ya mchangani, Dar es Salaam. Majina ya watu, vituo na uwanja yameondolewa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa bila kugusa kiini cha habari. Kamati ya ligi iliniita nipitie ripoti baada ya mambo kuharibika, kwa sababu nimekuwa nikiwafundisha waamuzi wanaoanza. Nilizungumza na kila upande, isipokuwa mtoto wa mzazi anayehusika. Huyo sikuona sababu ya kumhoji.

Mazingira

Ligi ina vituo vinane vya soka, watoto wa chini ya miaka 13. Wanacheza tisa kwa tisa, mpira namba nne, dakika 25 kila kipindi, Jumamosi asubuhi kabla jua halijachoma. Uwanja ni wa vumbi, na jioni hutumiwa na wakubwa kwa ndondo zao. Mistari huchorwa kwa chokaa na yeyote aliyewahi kufika. Magoli ni ya mabomba ya chuma, hayana nyavu. Nyavu ziliwahi kuwepo, zikachanika, vipande vilivyobaki vikaibwa, na tangu hapo ombi la kununua nyingine linasomwa kila kikao na kusogezwa mbele.

Mechi ina mwamuzi mmoja wa kati, ambaye hulipwa shilingi 10,000 na nauli. Vibendera vinashikwa na vijana wa vituo, mmoja kila upande, na kazi yao ni moja tu: kuonyesha mpira umetoka. Kuotea hakuwahusu. Kamisaa wa mchezo hakuna. Mwenyekiti wa ligi hufika akipata nafasi.

Kitu kilichobadilika miaka ya karibuni ni wazazi. Zamani mtoto alikwenda mpirani peke yake, na mara nyingine kwa kutoroka. Siku hizi mzazi analipa ada ya kituo kila mwezi, ananunua viatu, anamleta mtoto mwenyewe na kubaki hadi mwisho. Hilo ni jambo jema, na silisemi kwa kejeli. Lakini anayelipa ada hujiona mteja, na mteja hudai. Tena tangu Mbwana Samatta acheze Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, wapo wazazi ninaokutana nao wanaoamini kwamba kila mechi ya mtoto wa miaka 12 ni mtihani wa taifa, na mwamuzi ndiye msahihishaji.

Watu wa kisa

Mwamuzi ni binti wa miaka 19. Alikuwa amemaliza kozi ya awali mwaka huohuo, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza. Kwa maelezo ya makocha kadhaa alikuwa mzuri: anakimbia, haropoki, anajua sheria.

Mzazi, nitakayemwita mdhamini, ni baba wa mshambuliaji wa Kituo A. Ndiye aliyewanunulia watoto seti nzima ya jezi na mipira. Kwa shukrani, kocha alimpa kiti kwenye benchi la timu. Nasema kiti halisi, cha plastiki, cheupe, ambacho mtoto mmojawapo alipewa kazi ya kukibeba kutoka dukani kila Jumamosi na kukirudisha. Jina la mdhamini halikuwemo kwenye orodha ya timu. Hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiisoma orodha.

Kocha wa Kituo A ni kijana, anajitolea, na mdhamini humwita bosi. Kocha wa Kituo B ni mwalimu wa shule ya msingi. Kibendera upande wa mabenchi alikuwa mvulana wa miaka 15 kutoka Kituo B.

Siku ya mechi

Ilikuwa mechi ya kuamua nani aende nusu fainali. A walihitaji ushindi, B sare iliwatosha.

Tangu dakika za mwanzo mdhamini hakukaa. Kwanza alikuwa akimfokea mwanawe: "Piga! Unamwogopa nani wewe?" Kisha yakaanza ya mwamuzi. "Refa, mikono hiyo huioni?" Kwenye dakika ya nane, mpira ulipotoka, mwamuzi alimsogelea, akamwamkia "Shikamoo mzee", akamwomba akae. Mdhamini akajibu kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili: "Marahaba binti yangu, wewe chezesha mpira." Watu wakacheka. Hakukaa.

Dakika ya 21, yule mvulana aliinua kibendera kuonyesha mpira umetoka kwa A. Mdhamini alitembea kandokando ya mstari hadi alipo, akamwambia, "Wewe mtoto, nitakuvunjia hicho kijiti." Mwamuzi alikuwa mbali, hakusikia. Kocha wa A alikuwa hatua chache kutoka hapo. Alisikia, na kwa maneno yake mwenyewe, "nikajifanya natazama mpira".

Wakati wa mapumziko mwamuzi alimfuata kocha huyo: "Kocha, naomba umsaidie mzee akakae na wazazi wenzake." Kocha akamjibu, "Dada refa, yule ndiye aliyetuvalisha. Nitaongea naye." Hakuongea naye.

Kipindi cha pili, dakika ya 14, matokeo yakiwa moja kwa moja, mtoto wa mdhamini alipiga shuti la chinichini kuelekea mlingoti wa kushoto. Mpira ukapita, ukaenda kugonga ukuta nyuma ya goli. Watoto wa A wakaanza kushangilia. Mwamuzi, akiwa karibu na ukingo wa eneo la penalti, alikuwa ameuona ukipita nje, akaonyesha goli kiki.

Nani alikuwa sahihi? Video ya simu ya mdhamini ipo, na nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili. Imepigwa kutoka kwenye benchi, pembeni kabisa. Mlingoti unaufunika mpira wakati uleule unaotakiwa kuonekana. Video hiyo haithibitishi bao, na haithibitishi kwamba si bao. Hata hivyo ndiyo aliyoingia nayo uwanjani, ameinyoosha mbele: "Angalia! Angalia hapa!" Mwamuzi alirudi hatua moja nyuma, akamwambia haruhusiwi kuitazama na kwamba atoke nje ya mstari.

Yaliyofuata yamo kwenye ripoti yake na yamethibitishwa na makocha wote wawili. "Wamekupa shilingi ngapi? Nani kakutuma uje kuchezea maisha ya watoto wa watu? Si ungebaki nyumbani ukamsaidia mama yako jikoni?" Mwamuzi akatoa kadi nyekundu, akamwonyesha. Upande wa mashabiki ulilipuka kwa kicheko, na mtu mmoja akapiga mluzi. Mdhamini, aliyekuwa amesimama kwa urefu wa mkono, alishika kamba ya filimbi iliyokuwa shingoni mwa binti, akaivuta mpaka ikakatika, akaitupa filimbi kuelekea kwenye majani. Kamba ilimwachia alama nyekundu upande wa shingo.

Kocha wa B aliwahi kufika. Alisimama katikati yao, mikono yake ameiweka nyuma, akawa anarudia maneno mamoja, "Mzee, watoto wanatazama." Mtoto wa mdhamini alikuwa amekaa chini, uso ameuingiza ndani ya jezi.

Mwamuzi hakubishana tena. Alitoka, akaenda kwenye kibanda cha mama muuza maji, akaazima kalamu, akaandika nyuma ya kadi yake ya mechi: saa tatu na dakika 47, dakika ya 14 kipindi cha pili, 1–1, goli kiki kwa B, na maneno aliyoambiwa, moja baada ya jingine. Baada ya kama dakika kumi, mdhamini akiwa bado yuko kwenye kiti chake, aliwaita makocha wote wawili na kuwajulisha kuwa mechi imevunjika.

Yaliyofuata nje ya uwanja

Jioni ileile ujumbe wa sauti ulisambaa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: refa kahongwa. Mtu mwingine, si mdhamini, akabandika namba ya simu ya mwamuzi. Aliipata kwenye karatasi ya malipo ya posho, ambayo ligi ilikuwa na kawaida ya kuipiga picha na kuituma kundini ili kuonyesha uwazi wa fedha. Usiku huo binti alipigiwa na namba asizozijua na kuandikiwa matusi nisiyoweza kuyarudia hapa. Akazima simu.

Jumapili mwenyekiti wa ligi, wazee wawili na kocha wa A walikwenda nyumbani kwa mdhamini. Walinywa chai. Mdhamini alikiri hasira zilimzidi, mambo ya mpira. Wakakubaliana yaishe. Kisha mwenyekiti akampigia simu mama wa mwamuzi (si mwamuzi) akamweleza kuwa mzee ameomba radhi, suala limemalizwa kiutu uzima, na ingefaa binti asiandike ripoti ili mtu mzima asidhalilike. Mama akauliza, "Kamwomba radhi nani?" Mwenyekiti anasema swali hilo lilimkata maneno.

Ripoti ililetwa Jumatatu, kurasa mbili. Ikapokelewa, ikawekwa. Jumatano waamuzi wenzake watatu, kati ya watano ambao ligi inawategemea, walituma ujumbe kwamba hawatachezesha mechi yoyote hadi ripoti isomwe. Jumamosi iliyofuata vituo vilifika uwanjani na jezi zao, hakukuwa na filimbi, watoto wakarudi nyumbani. Jumanne kikao kikaitishwa. Nilialikwa kuhudhuria bila kupiga kura.

Uamuzi wa kamati na sababu zake

Mjadala mrefu zaidi ulikuwa juu ya pointi. Wajumbe wawili walitaka B wapewe ushindi wa mezani. Hoja yao ina uzito: katika mpira, kituo au klabu huwajibika kwa watu wake, na adhabu isiyogusa msimamo wa ligi husahaulika haraka. Wengine wakasema watoto tisa waliokuwa uwanjani hawakumshika mtu shingo. Mwisho ikaamuliwa kwamba dakika 11 zilizobaki zichezwe, kuanzia na goli kiki ileile, kwenye uwanja wa shule ya msingi wenye geti, bila mzazi hata mmoja wa upande wowote.

Mdhamini alifungiwa kuhudhuria mechi zote za ligi hadi mwisho wa msimu na miezi miwili ya msimu unaofuata. Kurudi kwake kuliwekewa sharti la kumwomba radhi mwamuzi ana kwa ana, iwapo mwamuzi mwenyewe ataafiki. Mtoto wake hakuwekewa kizuizi chochote, na kamati iliagiza hilo liandikwe wazi, ili asijetokea mtu wa kumwambia "kwa sababu ya baba yako".

Kocha wa A alisimamishwa mechi mbili kwa kumkalisha benchini mtu asiye kwenye orodha. Kituo A kikaagizwa kununua nyavu za magoli yote mawili ndani ya siku 30. Video haikupokelewa kama ushahidi wa bao: uamuzi wa mwamuzi juu ya tukio la mchezo ni wa mwisho, na marudio ya video ni ya mashindano yaliyoidhinishwa kutumia VAR, si ya simu ya mzazi.

Kuhusu polisi, mwamuzi alielezwa mbele ya mama yake kwamba kushikwa na kuvutwa ni shambulio, kwamba ana haki ya kushtaki, na kwamba adhabu ya ligi haichukui nafasi ya haki hiyo. Alichagua kupeleka malalamiko serikali ya mtaa. Mdhamini aliitwa, akaandika maandishi ya kutorudia.

Matokeo

Dakika 11 zilichezwa Alhamisi alasiri. Hakuna bao lililopatikana. B wakaenda nusu fainali.

Mdhamini alidai jezi zake. Kocha alizikusanya, zikafuliwa, zikarudishwa kwenye mfuko, na mechi ya mwisho ya msimu watoto wa A walicheza na vizibao vya mazoezi vya kuazima kutoka Kituo B. Mtoto wa mdhamini alikosekana mazoezini kwa wiki tano, halafu akaanza kuletwa na shangazi yake. Nyavu zilinunuliwa, ila kwa kuchelewa, na fedha zilichangwa na wazazi wa kawaida ambao wengi wao siku ile walikuwa wamekaa kimya.

Mdhamini hakuwahi kumwomba radhi mwamuzi. Alimtumia bahasha yenye pesa kupitia kwa kocha. Binti aliirudisha bila kuifungua. Hakurudi kuchezesha ligi hii. Msimu uliofuata alichezesha mashindano ya shule za msingi, na anaendelea.

Uchambuzi: mwamuzi

Nianze na alichopatia, maana ni kingi. Hakuishika simu. Alirudi nyuma badala ya kusogea mbele. Alipopokonywa filimbi hakujaribu kuitafuta kwenye majani mbele ya watu, aliondoka. Aliandika papo hapo maneno kama yalivyosemwa, na bila karatasi ile kikao kingebaki na "alimtolea maneno makali", ambayo hayana mshiko.

Kadi nyekundu ilikuwa kosa, lakini kosa linaloeleweka. Kadi huonyeshwa wachezaji, wachezaji wa akiba na, tangu mwaka 2019, viongozi wa timu walio kwenye benchi la ufundi. Mtazamaji haonyeshwi kadi. Kumwonyesha ni kutumia chombo kisichomgusa, na umati ulilielewa hilo kabla yake, ndiyo maana ulicheka. Lakini mtu huyu alikuwa amekaa wapi? Benchini, kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili yake. Machoni pa mwamuzi wa msimu wa kwanza alikuwa kiongozi wa timu. Utata huo ulitengenezwa na walioruhusu kiti.

Alichokuwa nacho ni Sheria namba 5, inayompa mamlaka ya kusimamisha mchezo kwa muda au kuuvunja kabisa pale mtu wa nje anapouingilia. Hatua ya katikati ndiyo aliyoiruka: kupuliza, kuwaita makocha wote wawili katikati ya uwanja mbali na mdhamini, kumwambia kocha wa A kwamba mpira hautaendelea hadi mtu wake atoke, na kusubiri. Hatua hiyo ingefaa dakika ya nane, na ingefaa zaidi baada ya mapumziko. Kozi za awali hutumia saa nyingi kwenye kuotea na dakika chache kwenye mzazi, nami najua kwa sababu nimezifundisha hivyohivyo zilivyopangwa.

Jambo dogo la ufundi: filimbi ifungwe mkononi au vidoleni, siyo shingoni. Kamba ya shingoni ni mpini kwa mwenye hasira.

Sasa ile shikamoo. Nimeulizwa na waamuzi vijana kama wamwamkie mzazi mkorofi au wamnyamazie. Tatizo lao ni halisi. Binti wa miaka 19 amelelewa kutomwamuru mtu wa umri wa baba yake, na umati wote unaomtazama umelelewa hivyohivyo. Alipomwamkia katikati ya mechi alimpa mdhamini nafasi ya mzee, na mdhamini akaitumia papo hapo: akamgeuza mwamuzi kuwa mtoto wake, kwa tabasamu, mbele ya watu, na kuanzia dakika hiyo kila agizo lake lilionekana utovu wa adabu. Siwaambii waache kuamkia. Waamkie mapema, wakati wa kukagua viatu na orodha, wawapitie wazazi na kuwasalimia wote. Mpira ukianza, mwamuzi azungumze na kocha peke yake. Kocha ndiye akamwambie mzee, kwa lugha yoyote ya heshima anayoijua.

Uchambuzi: kocha na kiti

Kocha wa A alikuwa na nafasi mbili, dakika ya 21 na mapumziko, na zote alizipitisha. Nimezungumza naye kwa kirefu na sioni kama ni mwoga. Ni mtu asiyelipwa ambaye watoto wake 18 walikuwa wakicheza na fulana za rangi mchanganyiko kabla ya mzee huyu kutokea. Kumwambia aondoke kulikuwa, kwa hesabu yake, kuwavua watoto jezi. Na matokeo yalionyesha hesabu yake ilikuwa sawa: mzee alipoondolewa, jezi zilivuliwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema suluhisho ni kocha jasiri zaidi. Anayetegemea fadhila ya mtu hawezi kuwa ndiye pekee wa kumtoa. Kituo kinachopokea msaada kinapaswa kuueleza tangu siku ya kupokea: asante, jezi zimekuwa za watoto, nawe utakaa na wazazi wengine. Ni maneno magumu kumwambia mtu aliyeshika mfuko wa jezi mkononi. Bado ni rahisi kuliko yaliyokuja baadaye.

Uchambuzi: kamati na "yaishe"

Usuluhishi wa wazee nauheshimu. Umezima magomvi mengi mitaani ambayo yangefika mahakamani na kuua undugu. Hapa uliharibika kwa sababu moja kubwa: aliyeumizwa hakuwepo. Walikaa na mkosaji, wakasameheana wao kwa wao kwa niaba ya binti ambaye hawakumpigia hata simu, kisha wakamtaka mama yake amzuie kuandika. Kwa binti huo ulikuwa uvamizi wa pili, na aliniambia ulimuuma kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza ulifanywa na mtu mwenye hasira na wa pili ulifanywa na watu waliotulia wakinywa chai.

Pia lazima isemwe kwamba ripoti haikusomwa kwa sababu ilistahili kusomwa. Ilisomwa kwa sababu waamuzi watatu waligoma na Jumamosi ikapotea. Kwa ligi nyingine nisingetegemea bahati hiyo.

Kuhusu adhabu, naona kamati ilipatia kutogusa pointi, ingawa dakika 11 bila watazamaji ziliwaadhibu pia wazazi wa B ambao hawakufanya lolote. Nyavu ndiyo adhabu niliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa iliacha kitu uwanjani. Lakini tusijidanganye kwamba nyavu zingezuia kisa. Mtu aliyemtishia mtoto dakika ya 21 angepata sababu nyingine kabla ya dakika ya 50.

Aliyesahaulika

Katika kurasa zote za kikao hakuna sentensi hata moja kuhusu mvulana wa kibendera. Nilimkuta baadaye, nilipokuwa nauliza nani alikuwa upande ule wa mstari. Alikuwa ameacha kushika kibendera na hakuna aliyemuuliza kwa nini. "Mi nilidhani ndivyo ilivyo," aliniambia. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Ligi ilimpa mtoto kazi ya kuamua mbele ya watu wazima wenye hasira, bila mtu mzima wa kusimama naye, na alipotishiwa kuvunjiwa kijiti akiwa amekishika, tishio hilo halikuingia hata kwenye ripoti.

Kazi ya kibendera siyo ndogo kiasi cha kuachwa hivyo. Desemba 2012, huko Almere nchini Uholanzi, baba aliyejitolea kushika kibendera kwenye mechi ya vijana aliyokuwa akicheza mwanawe alipigwa baada ya mechi na akafariki siku iliyofuata. Waliohukumiwa mwaka 2013 walikuwa wachezaji vijana kadhaa na mzazi mmoja. Mechi ile pia haikuwa ya ubingwa wowote.

Yaliyobadilishwa

Ligi imeweka utaratibu wa mlezi wa mechi. Kila kituo kinamtaja mtu mzima mmoja kabla ya filimbi ya kwanza, jina lake linaandikwa kwenye orodha, anavaa kizibao cha njano kama cha madereva wa bodaboda, na kazi yake ni kushughulika na wazazi wa upande wake. Mwamuzi akimnyooshea mkono, yeye ndiye anayemfuata mzazi. Kituo kisicho na mlezi hakianzi mechi. Mlezi asiwe kocha wala mtu aliyetoa msaada kwa kituo, na sharti hilo la pili lilipita kwa kura moja tu.

Benchi lina watu watatu walio kwenye orodha, hakuna kiti cha ziada. Wazazi wanakaa upande wa pili, nyuma ya kamba iliyofungwa hatua chache kutoka kwenye mstari. Karatasi ya posho haitumwi tena kundini: mweka hazina anatuma jumla tu. Kibendera wa chini ya miaka 18 anasimama upande wa mabenchi ya timu yake, mlezi akiwa jirani. Ripoti ya mwamuzi inasomwa ndani ya siku saba, na hakuna kiongozi anayeruhusiwa kuwasiliana na familia yake kabla ya hapo.

Kamba imeshakatwa mara kadhaa na watu wanaopita na baiskeli. Walezi wengi wanafanya kazi nzuri, hasa akina mama, ambao wazazi wanaume huona haya kubishana nao hadharani. Lakini msimu huu mlezi mmoja alimfokea mwamuzi mwenyewe, akiwa ndani ya kizibao, kwa penalti iliyoonekana na uwanja mzima. Mwamuzi alisimamisha mchezo, akawaita makocha, akasema hauendelei hadi mtu mwingine mzima wa kituo hicho avae kizibao. Walibishana wao kwa wao kama dakika sita. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni akakichukua, akakivaa juu ya kanga, na penalti ikapigwa. Kamati sasa inajadili kama mlezi aliyevuliwa kizibao afungiwe mechi ngapi, na hadi naandika haijakubaliana.